Zablon na Tromboni Yenye Mpini

Kabla sijamwelezea Zablon, niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa kanisa la Friends, na sisi hatupendi kelele. Nasema mapema ili mtu asidhani nilikuwa upande wake tangu mwanzo. Zablon ni wa Jeshi la Wokovu. Kwetu Vihiga, kijiji kwa kijiji, makanisa yao na yetu yanatazamana ng'ambo ya barabara, na kila Jumapili tangu utoto nimesali huku ngoma yao ikinigonga kifuani. Nilipopata kazi ya kupika Jeddah nilihuzunika kuwaacha watoto, lakini upande wa ngoma nilishukuru.

Nyumba yetu ya kazi iko Al-Hamra, karibu na bahari, ingawa bahari yenyewe naiona nikitumwa duka la dawa. Mwenye nyumba ni Dakta Hani, daktari wa meno, Msaudia mwembamba anayekutazama mdomoni kabla ya kukutazama machoni. Ndiye kafili wetu sote wawili, mimi na Zablon, yaani mdhamini wa vibali vyetu. Mimi namwita Baba, Zablon anamwita Bosi. Mkewe ni Madam Abir. Zablon ni dereva na anaishi chumba cha getini. Ni mtu mrefu, kifua kama kabati, na upole wake umepita kiasi: ukimkanyaga, yeye ndiye anayesema pole. Ananiita Mama Valary, kwa jina la binti yangu wa kwanza, nami namwita Baba Noah. Kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalikuwa yanaishia hapo, ugali ukiisha.

Dakta Hani alisomea Ujerumani, akarudi na shahada ya meno na ugonjwa wa muziki. Si muziki huu wa harusi, wala wa redio. Yeye anapiga kitu kinaitwa zinki, kipembe cha mbao kilichovikwa ngozi nyeusi, kimepinda kidogo, kinapulizwa kama tarumbeta lakini kina matundu kama filimbi. Wazungu walikipiga karne nyingi zilizopita, kisha wakakiacha, na mimi siwalaumu. Baba alikusanya wengine wenye ugonjwa huohuo: Mike, mwalimu Mwingereza, wa tromboni ndogo, mama mmoja wa Kilebanoni na kinanda chake, na injinia Mjerumani wa tromboni besi. Kila Jumatatu walikaa majlisi, sebule ya wageni, wakapiga nyimbo za zama hizo, nyingine za kuchezea dansi, nyingine za kuzikia. Mimi tofauti sikuisikia. Mkataba wa Mjerumani ukaisha, akarudi kwao, na tromboni besi ikabaki kwenye sanduku lake kwa sababu ilikuwa mali ya Baba.

Siku moja Madam aliamua stoo ipakwe rangi, Zablon akatumwa kutoa masanduku. Nikiwa jikoni nakatakata vitunguu nikasikia amenyamaza muda mrefu mno. Nikachungulia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lililofunguliwa, mkono kifuani.

"Mama Valary, hebu kuja uone. Iko na mpini."

"Hata sufuria iko na mpini," nikamwambia.

Hakunisikia. Ikabidi anieleze, nami ikabidi nisikilize. Tromboni haina vitufe. Sauti inabadilishwa kwa kusukuma na kuvuta bomba refu wanaloliita slaidi. Sasa tromboni besi, bomba lake ni refu kuliko mkono wa mtu, na noti za chini kabisa ziko kule mbali ambako mkono haufiki. Kwa hiyo mafundi wa kale walifunga kwenye slaidi mpini wenye bawaba. Ukiushika mpini, mkono wako umeongezewa urefu. Tromboni za siku hizi hazina kitu hicho. Lakini kikosi chao, ndivyo wanavyoliita kanisa, huko Mudete kilikuwa na tromboni besi moja kuukuu iliyoachwa na Waingereza, na hiyo ilikuwa na mpini, na Zablon aliipiga tangu akiwa mwanafunzi mpaka alipopanda ndege.

Baba akaingia akamkuta ameishika. Hakukasirika. Alimtazama vidole. Zablon alikuwa ameushika mpini kwa gumba na vidole viwili tu, kifundo cha mkono kimelegea, kama mtu anayekoroga uji bila kutaka umwagike.

"Nani alikufundisha?" Baba akauliza, kwa Kiingereza, kama wanavyoongea wao wawili.

"Baba yangu, Bosi. Alikuwa bandmasta."

"Yalla. Piga."

Akapiga. Glasi za Madam zililia kabatini. Mlinzi wa nyumba ya jirani alikuja getini kuuliza kama tuko salama. Baba alibaki amefumba macho, uso umekaza upande mmoja, mfano wa mgonjwa aliyechomwa ganzi kwenye jino lisilouma.

"Hewa unayo," akasema hatimaye. "Hewa tumepata. Sasa tutafute muziki."

Ndivyo Zablon alivyoingia kwenye kundi, na ndivyo amani yangu ilivyokwisha.

Jumatatu ya kwanza alichukua kiti chake akakiweka mbele ya wote, mbele hata ya Baba. Wakamtazama. Akaeleza kwa heshima kwamba kwenye gwaride la Jeshi la Wokovu tromboni hutangulia, kwa sababu zikikaa nyuma slaidi zinawachoma watu mgongoni. Mike akamwambia kwamba hapa hakuna atakayeandamana kwenda popote. Zablon akasema pole, akarudi nyuma.

Kisha likaja jambo la maji. Mtu akipuliza shaba kwa muda, mvuke wa pumzi unageuka maji ndani ya bomba. Tromboni za kisasa zina kijitundu cha kuyatolea. Hii ya kale haina. Inabidi uchomoe slaidi nzima, uinamishe, uyamwage. Kule Mudete walimwaga uwanjani, kwenye nyasi. Zablon alichomoa slaidi kwa ustadi mkubwa akamwaga kwenye zulia la Kiajemi la Madam, zulia ambalo mimi nalisafisha kwa brashi ndogo nikiwa nimepiga magoti. Nilitoka jikoni na mwiko. Sikumpiga, kwa kuwa kulikuwa na wageni. Nilimletea taulo la bluu nikaliweka miguuni pake, na tangu siku hiyo taulo lile likawa la tromboni, halifuliwi na nguo nyingine.

Lakini zulia na viti ni mambo ya kurekebishika. Tatizo kubwa lilikuwa noti ya mwisho.

Walipiga wimbo wa kwanza mpaka mwisho. Baba akaacha, Mike akaacha, kinanda kikaacha. Zablon hakuacha. Alishika noti yake ya chini, nene, macho yakizunguka chumba kutafuta kitu. Pumzi ikamwishia. Akavuta nyingine, akaendelea. Mama wa Kilebanoni akaanza kucheka. Baba akatoa zinki mdomoni.

"Zablon. Tumemaliza."

"Sawa Bosi. Nilikuwa nangojea mkono."

"Mkono gani?"

Mkono wa bandmasta. Kwao, noti ya mwisho haina urefu wake yenyewe. Bandmasta anainua mkono, na noti inaishi mpaka mkono ushuke. Ukiacha kabla, umeasi. Kumbe katika muziki huu wa Baba hakuna mtu wa kuinua mkono. Wanakaa nusu duara, wanasikilizana, na anayeongoza ni yule mwenye zinki, kwa pumzi yake. Akivuta pumzi wanaanza, akiimaliza wanamaliza. Baba alimweleza hivyo vizuri kabisa. Zablon akasema ameelewa. Wimbo wa pili akafanya vilevile. Adhana ya Isha ndiyo iliyomnyamazisha. Hiyo aliitii papo hapo, pamoja na wengine.

Nilidhani ni ukaidi. Nikamwambia hivyo jikoni kesho yake, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba kama hawezi kumtii Bosi arudi kwenye usukani. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini.

"Mama Valary, si ukaidi. Mimi niliacha noti mara moja."

Baba yake, Mzee Justus, aliongoza bendi ya Mudete maisha yake yote. Wiki ile Zablon alipopata viza, bendi ilikuwa inajiandaa kwenda Nairobi kwenye kongamano, na tromboni besi ilikuwa moja tu. Hakuwa amemwambia mzee habari za Arabuni. Wakiwa uwanjani, mwisho wa wimbo, mkono wa mzee uko juu, simu ya Zablon ikalia mfukoni. Alijua ni ajenti. Akaacha noti, akatoka kwenye mstari, akapokea. Tikiti ilikuwa tayari. Alipogeuka, wenzake walikuwa wamenyamaza na mkono wa mzee ulikuwa bado uko juu. Mzee hakuushusha. Zablon alikwenda nyumbani kufunga mizigo, na dadake Rael anasema mzee alisimama vile uwanjani mpaka watoto wa Sunday school wakaanza kumwogopa.

"Tangu siku hiyo hajaongea na mimi. Nikipiga simu anampatia Rael. Sasa amepata stroke. Mkono wa kulia umekufa, maneno yanatoka moja moja. Na si eti hanisikii. Rael anasema anasikia kila kitu. Hataki tu." Akajifuta pua. "Naogopa atakufa na mkono juu, Mama Valary. Serious. Hiyo ndiyo naogopa."

Mimi babangu alikufa nikiwa hapahapa Jeddah, nikamzika kwa simu, nikiangalia kaburi kwenye kioo kidogo huku pilau ya watu ikiungua. Kwa hiyo nililijua jambo analolisema. Nilimwongezea chai, nikamwekea na mkate.

Mwezi uleule Madam akatangaza kwamba dadake wa Riyadh amehamia nyumba mpya Al-Malqa, na kundi la Baba litakwenda kupiga siku ya kuwakaribisha watu. Zablon alipata wazo, akalishika kama alivyoshika noti zake. Siku hiyo Rael atampigia simu ya video, mzee akalishwe kitini, amwone mwanawe na tromboni yenye mpini. Mzee hawezi kukataa tromboni, alisema. Mtu anaweza kumkataa, lakini si chombo.

Basi ikawa lazima aende Riyadh, na ili aende ilibidi ajifunze kupiga.

Nilisikia mafundisho yote kutoka jikoni, hata nisiyoyataka. Baba alifundisha kidaktari. "Fungua mdomo. Nyuma zaidi, kwenye koo. Sema aaa. Hapo, bakisha hapo." Alimwambia asipulize kama mtu anayepoza uji, apulize kama mtu anayetia mvuke kwenye miwani aifute: hewa ya joto, nyingi, isiyo na haraka. Shaba ya tromboni hii ni nyembamba, alisema, ukiilazimisha inabweka, ukiibembeleza inaimba. Alimkataza kuanza kila noti kwa kugonga ulimi kama msumari. Ulimi uguse tu, da, la, da, la, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Na mtetemo, kile Zablon alichokuwa anakitia kwenye kila noti ndefu ili iwe na huzuni, Baba alikiondoa siku ya kwanza. "Mafi, hakuna kutetemeka. Noti iwe wima. Huzuni waachie wasikilizaji."

Zaidi ya yote alimfundisha kwamba besi haionekani. Wengine wanapanda juu ya mgongo wake. Akisikika yeye, amekosea. Asiposikika kabisa, wimbo umeanguka. Niliposikia hayo nilisimamisha mwiko, kwa maana ndivyo kazi ya ndani ilivyo, na sijawahi kusikia bosi akiieleza sawasawa hivyo.

Zablon alijifunza. Nitampa haki yake. Chumbani getini alikuwa anafanya mazoezi bila tromboni, anatia mvuke kwenye kioo cha gari la Bosi na kukifuta, kioo hakijapata kung'aa namna ile. Baada ya majuma kadhaa ilifika Jumatatu nikajikuta nimesimama na birika mkononi nimesahau nilikokuwa nakwenda. Sauti ilikuwa imeingia chini ya zile nyingine, ikazibeba, na nilijua ni yake kwa sababu tu kiti chake ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Nilikasirika kidogo. Mtu wa Friends hapaswi kusimamishwa na tromboni.

Kisha wimbo ukafika mwisho, na Zablon akashika noti, na wenzake wakamwacha hapo peke yake.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilimwambia nitasimama mlangoni kila Jumatatu, niinue mkono mwishoni na kuushusha wengine wakimaliza. Nani angemjali mpishi mlangoni? Tulifanya mara moja, ikafaulu. Baba alifurahi, akasema halas, basi, amepona. Jumatatu iliyofuata, katikati ya wimbo wa kuzikia, niliinua mkono kuchukua bakuli la sukari juu ya rafu, nikaushusha. Zablon akanyamaza kimya. Wimbo ukabaki hewani hauna miguu. Baba alimtazama yeye, akageuka akanitazama mimi, na bakuli langu.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Zablon, wewe unapiga vizuri. Lakini mtu asiyemaliza na wenzake siwezi kumpeleka mbele ya familia ya mke wangu. Alhamisi tunapiga mara ya mwisho hapa. Ukishindwa, halas. Kinanda kitapiga besi, na wewe utaendesha gari."

Jioni ile Zablon hakula. Nilimfuata getini na sahani, jambo ambalo sijalifanya kwa mtu mwingine, nikamkuta amekaa kitandani anaangalia mkono wake wa kulia.

"Siwezi, Mama Valary. Macho yanatafuta mkono yenyewe. Nikiacha bila kuuona, naona ule uwanja."

"Basi yafumbe."

"Nifumbe?"

"Fumba macho. Wewe umezaliwa ng'ambo ya barabara na hujawahi kuingia kwetu hata siku moja. Sisi tukinyamaza kanisani, hakuna anayeshusha mkono. Tunakaa hapo, na saa ya kumaliza ikifika tunamaliza wote."

"Na mnajuaje?"

Hilo sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilifikiri nikiwa nimeshika sahani. "Unasikia watu wanapumua," nikasema. "Kuna pumzi inatoka ya watu wote. Baada ya hiyo hata mtoto anajua."

"Hiyo ndiyo Bosi anasema kila siku."

"Sasa Bosi akisema huelewi, nikisema mimi unaelewa. Kula."

Alhamisi alifumba macho tangu noti ya kwanza. Mwisho ulipofika nilikuwa nimejificha nyuma ya friji, mikono yote miwili chini ya aproni isije ikaleta balaa. Nikasikia pumzi ya Baba ikiisha, na sauti zote zikaacha pamoja. Mama wa Kilebanoni akapiga makofi. Zablon alikuwa wa mwisho kufungua macho, na nilipomwona nikajua kwamba imemuuma. Amefanya tena kitu kilekile alichofanya uwanjani, ila safari hii kwa ruhusa.

Tulikwenda Riyadh kwa gari, Zablon kwenye usukani, Madam mbele kwa sababu anatapika akikaa nyuma, mimi nyuma na zinki, tromboni na trei za maamuli, vile vibiskuti vya tende. Wapigaji wengine, wenye vidole vya kutunzwa, walipanda ndege. Nyumba ya Al-Malqa ilikuwa mpya hata vibandiko vya dirisha havijatolewa. Wanaume walikaa majlisi, wanawake chumba cha ndani, milango mikubwa ya katikati ikaachwa wazi ili wote wasikie.

Hapo kulikuwa na jambo la simu. Mtu aliyefanya kazi nyumba hizi anajua: pahali penye wanawake wa watu, simu ikiinuliwa, kazi yako imekwisha, na ikama yako, kibali cha kukaa, inafuata. Nilikuwa nimepanga kuiinua kwa siri. Dakika ya mwisho moyo ukakataa, nikamwendea Madam jikoni kwa dada yake nikamwambia ukweli wote, uwanja, mkono, stroke, kwa Kiarabu changu cha sokoni.

Madam alinisikiliza huku akipanga tende.

"Baba yake yuko hai?"

"Yuko hai, Madam."

"Na anaona?"

"Anaona."

Akapanga tende tatu nne hivi. Babake Madam mwenyewe alizikwa Makka wakati wa korona, watu hawakuruhusiwa kwenda. Hilo nililijua, ingawa hajawahi kuniambia yeye.

"Simama pale, mgongo wako ukiwa ukutani. Simu iangalie wanamuziki tu. Ikigeuka kwa wanawake, halas, mimi sikujui."

Nikasimama pale, mgongo ukutani. Rael akanipigia. Mzee Justus alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yao, amevishwa kofia ya sare. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande. Hakuniamkua. Nilimsalimu kwa Kimaragoli, hakuitikia. Nikageuza kamera, nikawaelekezea wanamuziki.

Walipiga nyimbo kadhaa. Sitajifanya nilizisikia, macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha simu. Mzee hakutingishika wimbo wa kwanza, wala wa pili. Nikadhani amelala macho wazi. Wimbo wa mwisho ulikuwa ule wa kuzikia, ambao mpini unatumika sana, slaidi inakwenda mbali mbali. Zablon alifumba macho. Mkono wake ukaenda nje polepole, ukarudi, ukaenda tena. Na nikaona kwenye kioo mkono wa kushoto wa mzee, ule ulio hai, ukipanda kutoka gotini. Ukafika begani, ukapita, ukasimama juu.

Pumzi ya Baba ikaisha. Wote wakaacha pamoja, na Zablon akaacha pamoja nao, kama alivyofundishwa. Ilikuwa safi kabisa. Wazee wa majlisi wakasema mashallah, watu wakaanza kuinuka kwenda kwenye kahawa.

Mkono wa mzee ulikuwa bado uko juu.

Nilidhani picha imeganda. Kisha kuku akapita nyuma ya kiti, akadona kitu, akaenda zake. Picha ilikuwa hai. Nilivuka zulia la majlisi, mpishi na aproni yake katikati ya kanzu nyeupe, nikamwekea Zablon simu mbele ya uso.

Alifungua macho. Aliangalia. Hakusema pole. Aliinua tromboni, akashika mpini, akasukuma slaidi mpaka mahali pa ile noti ya mwisho, akaipiga tena.

Aliipiga peke yake, kwa upole, bila kugonga, bila mtetemo, wima. Watu waliokuwa wameinuka walibaki wameinuka. Mike aligeuka kumtazama Baba. Baba alikuwa tayari anafuta zinki. Akaacha kufuta, akatikisa kichwa kumwambia Mike amwache. Pumzi ya Zablon ikaisha, akavuta nyingine, akaendelea. Akavuta nyingine. Jasho lilimtoka. Macho yake yalikuwa wazi na hayakutoka kwenye kile kioo, na mkono ule wa kushoto ulikuwa unatetemeka kwa uzito wake wenyewe, lakini haukushuka. Rael alitaka kuushikilia, mzee akamsukuma kwa kiwiko cha mkono huohuo.

Kisha ukashuka. Si kwa kuchoka. Ulishuka kwa kukata, kama wa bandmasta.

Zablon akaacha.

Mzee alitafuta neno muda mrefu, mdomo ukihangaika upande mmoja. Nilikuwa karibu sana na simu kwa hiyo nililisikia vizuri.

"Haya," akasema.

Rael akakata simu, nadhani kwa sababu alikuwa analia. Majlisi ilianza kuongea tena, mtu akamwaga kahawa. Zablon alichomoa slaidi, akaiinamisha, akamwaga maji kwenye taulo la bluu, si kwenye zulia. Halafu akaliokota taulo lilelile akajifuta nalo uso wote, macho, mashavu, mpaka shingoni. Lile taulo haliguswi na mtu. Nilimwacha ajifute.